Nyumba Hupimwa kwa Mwenye Nyumba

Viwanja Sitini, Ifakara
9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Barua hii inakuja na kondakta wa basi la Malinyi, pamoja na sukari, chumvi, betri za tochi na dawa ya kuchua uliyoagiza, chupa mbili. Sijui huko porini unamchua nani kwa chupa mbili, lakini nimenunua.

Sisi tu wazima. Shangazi Margareta miguu inamsumbua kama kila masika, ila mdomo wake haujambo, na leo amenituma nikuambie kwamba dada yako bado yu hai, kama hilo lina maana yoyote kwako. Baba Balbina yuko Songea kwenye kazi ya barabara, anakusalimu. Cherehani yangu ilikata mkanda wiki ileile niliyokuwa na sare za akina mama wa parokia, nikashona mbili kwa mkono huku nikisema maneno ambayo katekista mstaafu kama wewe hapaswi kuyasikia. Nimekupigia simu mpaka yule dada anayesema hupatikani tumezoeana. Ndiyo maana naandika.

Mke wako Balbina ameanza chekechea. Anahesabu mpaka kumi, ila saba anairuka. Mwalimu alipomuuliza, akajibu kwamba saba haimpendi.

Sasa jambo lenyewe. Baba, ni hizi swichi za taa.

Unajua zilipo. Mgeni akiingia humu jioni hupapasa ukuta mpaka aone aibu, kwa sababu nyumba zote alizowahi kuingia swichi iko usawa wa bega, na ya kwetu iko juu karibu na linta ya mlango, jirani na mijusi. Mimi nazifikia kwa kusimama kwa vidole vya miguu. Shangazi hazifikii kabisa. Balbina ndiyo usiseme. Mimi nafunga kazi sokoni saa kumi na mbili, na nikifika nyumbani giza limeshaingia. Nawakuta wawili hao barazani, mmoja ana miaka sabini na mwingine minne, wameshikana mikono gizani wakinisubiri, na umeme upo. Mwiko wa marehemu Mama, ule aliokuwa akiwashia taa, bado unaning'inia jikoni. Shangazi anajaribu kuutumia, ila macho yake hayaoni vizuri. Juzi alipiga ukuta mpaka plasta ikaangukia kwenye maharage, tukayala hivyo hivyo.

Balbina giza likiingia haendi chooni. Anajibana mpaka asubuhi, na usiku asioweza kujibana, shuka nalifua mimi.

Naomba ruhusa yako. Fundi Wiliam anasema si kazi kubwa. Anachimba ukuta kidogo, anashusha bomba la waya, anafukia kwa saruji, basi. Lakini nyumba ni yako na sitagusa ukuta mpaka useme ndiyo.

Mwanao anayejinyoosha kila jioni,
Eveline


Shambani, ng'ambo ya Malinyi
30 Machi 2025

Mwanangu Eveline,

Marahaba. Mwambie shangazi yako nimefurahi kusikia yu hai, na kwamba nilikuwa na wasiwasi huo. Mke wangu mwambie saba asiilazimishe. Mapenzi hayalazimishwi.

Huku maji yamejaa vizuri na mpunga umesimama. Jirani yangu Masanja mwaka huu anazuia ng'ombe wake wasivuke mpaka. Tumeelewana kisomi kabisa: yeye anaheshimu mpunga wangu, nami namheshimu kwa kunywa maziwa yake. Mkewe Nyamizi huniletea mtindi kila asubuhi, na mimi nimejitolea kumrekebisha Masanja Kiswahili chake cha Kisukuma, kazi ambayo sitaimaliza nikiwa hai.

Simu usihangaike nayo. Mtandao unapatikana juu ya kile kichuguu kikubwa tu, na mimi mambo ya kupanda vichuguu nimeacha. Mtu mzima akisimama juu ya kichuguu akipiga kelele halo, halo, anafanana na mtu aliyetoroka hospitali. Barua ina heshima zaidi.

Kuhusu swichi, jibu ni hapana.

Wewe ulikuwa msichana mdogo, labda umesahau. Fundi alikuja nyumba ikiwa bado tofali tupu, akauliza, "Mzee, swichi zikae wapi?" Nilisimama mlangoni, nikainua mkono wangu bila kujinyoosha wala kujikunja, nikamwambia piga alama hapa. Hivyo ndivyo baba yangu alivyopima milango yake kule Mahenge, na babu yangu alivyopima kitanda chake. Nyumba hupimwa kwa mwenye nyumba. Hata shati wewe hulipimi kwa jirani.

Pili, umeme si kitu cha kuchezewa na watoto. Mtoto akifikia swichi leo, kesho anafikia waya. Na tatu, taa huwekwa juu, hilo hata watoto wa komunyo ya kwanza wanalijua. Marehemu mama yako aliishi na swichi hizo miaka yote kwa mwiko wake na hakuwahi kuandika barua. Mfundishe mke wangu subira. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Jambo lingine, dogo tu. Nishonee shati. Liwe la vifungo kuanzia juu mpaka chini, si fulana. Fulana hizi za kuvalia kichwani ni mambo ya vijana. Na kwapa la kulia uliachie liwe pana. Ni kwa sababu ya joto.

Baba yako aliye imara,
Raimundi


Viwanja Sitini, Ifakara
22 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Barua yako ilichelewa kwa sababu basi lilikwama kwenye maji, na iliponifikia ilikuwa imelowa, ila neno hapana lilisomeka vizuri. Pasaka tulikula wali na kuku. Shangazi aliimba kwenye kwaya kwa kukaa. Watu wanakuulizia kanisani, wanasema mwaka huu nafasi yako ya benchi la mbele imekaliwa na mtu mfupi na sasa wanaona altare.

Nimeanza na salamu na habari kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha. Sasa nakuambia: Balbina ameanguka.

Usishtuke, yuko salama. Ilikuwa jioni ya Jumatano, mimi bado niko sokoni. Shangazi aliangusha rozari yake chini ya kiti gizani, akaanza kupapasa. Mke wako akaona amsaidie. Alifudikiza ndoo, akaweka kigoda juu ya ndoo, akapanda na mwiko wa Bibi yake mkononi. Swichi aliigusa. Shangazi anaapa kwamba taa iliwaka, na kwamba ndipo alipomwona vizuri mtoto akishuka kwa kichwa.

Jino la mbele limevunjika, na kidevu kimeshonwa. Hospitali hakulia hata kidogo. Aliporudi nyumbani akaona mwiko umepasuka katikati, hapo ndipo alipolia, na hakubembelezeka. Jino ni la utoto, litaota jingine. Mwiko wa Mama hauoti. Nimeufunga kwa uzi wa cherehani na kuuweka juu ya kabati, na mimi nililia kidogo, nikajisingizia vitunguu.

Umeandika kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba, huyu alilisikia. Mkuu alisema taa ziwashwe kutoka juu, naye akapanda juu.

Shati lako hili hapa. Lina vifungo mpaka chini na kwapa la kulia nimeliachia mpaka panapita kuku. Lakini mimi ni fundi cherehani, na watu wengi wamewahi kunilalamikia joto. Hujawahi kutokea joto la kwapa moja. Bega lina nini?

Na swichi je?

Mwanao,
Eveline


Shambani, ng'ambo ya Malinyi
18 Mei 2025

Kwa Eveline binti Raimundi.

Marahaba mwanangu. Barua hii anaiandika Nyamizi mke wa Masanja, kwa sababu kalamu yangu imegoma. Nimemwambia aandike kila neno nitakalosema, asiongeze wala asipunguze, maana watu wa kuandikiwa barua wana tabia ya kuchomekea yao. Umeandika hilo, Nyamizi? Soma. Vizuri.

Mpunga umeiva, tumeanza kukata. Yaani vijana wa Masanja wanakata, mimi nasimamia. Shati limenikaa vizuri sana, mwambie asante, na kuhusu bega mwambie baba yake yuko imara kama mti. Nyamizi, hebu nisogezee hicho kiti. Nishike hapa. Taratibu, si mkono huo, si mkono huo. Haya. Tulikuwa wapi? Imara kama mti.

Mtoto ameshonwa nyuzi ngapi? Hakusema. Muulize. Muulize pia kama anakula. Jino la mbele, mke wangu, sasa atacheka vipi.

Hapa ni mimi Nyamizi. Nimemuuliza mzee niandike nini, amesema niandike kwamba mwiko atauchonga mwingine mwenyewe, kwa mti wa mninga kama ule wa kwanza. Hapa anauangalia mkono wake.

Swichi zisiguswe, lakini nimepata njia. Mfungie kamba kila swichi, ining'inie mpaka chini. Mtoto avute, taa iwake. Ni jambo rahisi, sijui kwa nini hakuna aliyelifikiria, labda kwa sababu sikuwepo.

Mwisho, baada ya mavuno msinisubiri. Nitabaki huku kidogo kulinda mabua ya mpunga. Masanja, unacheka nini? Nyamizi, usiandike kwamba Masanja anacheka.

Baba yako,
Raimundi

Dada Eveline, mimi Nyamizi nimeandika kila neno kama nilivyoambiwa. Nakusalimu sana, na mtoto pole.


Viwanja Sitini, Ifakara
15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Msalimie Nyamizi, mwambie ana mwandiko mzuri na uaminifu uliopitiliza.

Nyuzi zilikuwa nne na zimeshatolewa. Anakula, tena nyama anaielekezea upande wa magego kama mzee. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, halafu anasahau, anauachia. Shangazi amepata miwani, na siku ya kwanza alipoivaa alinitazama kwa muda, akaniuliza nimezeeka lini.

Kamba tulifunga. Balbina alivuta, taa ikawaka, tukashangilia wote watatu na Shangazi akakusifu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ilipofika wakati wa kulala ndipo tukagundua kwamba kamba inavuta kwenda chini tu, Baba. Kuzima ni kubonyeza upande wa juu, na kamba haijui kusukuma. Kwa hiyo mtoto akawa anawasha nyumba nzima jioni, na mimi nazunguka na vidole vya miguu kuzima moja moja. Siku ya tatu aliivuta kamba ya sebuleni kwa nguvu, akabaki na kamba na kifuniko cha swichi mkononi. Waya zikawa zinachungulia nje. Wewe ndiye uliyesema mtoto akifikia swichi atafikia waya. Mimi nasema tu kilichotokea.

Juzi Masanja alikuja mjini kuuza ng'ombe mnadani, akapita hapa na mtindi. Nikampa chai, nikamuuliza, baba hajambo? Akasema, "Mzee hajambo kabisa. Kila mahali hajambo, isipokuwa sehemu moja, na hiyo amenikataza kuitaja." Nikamuuliza na mguu pia? Akasema, "Mguu ni sehemu ya pili, nayo amenikataza." Akanywa chai yake taratibu. Nikamuuliza ngazi ya dungu letu iko salama, kile kibanda cha juu unacholindia ndege? Akasema ngazi ipo, ila siku hizi ipo vipande viwili, na kwamba mwezi wa pili yeye alimwambia mtu fulani asiipande ile, imeoza, na mtu fulani akamjibu kwamba yeye amepanda madungu tangu Masanja hajazaliwa. Sikumuuliza zaidi. Na wewe sikuulizi.

Nina la kuungama. Nilisema sitagusa ukuta mpaka useme ndiyo. Nimeugusa. Baada ya zile waya nilimwita Wiliam asubuhi yake. Akaniuliza, "Dada, nishushe mpaka wapi?" Nami nikafanya kama ulivyofanya wewe. Nilimsimamisha mke wako mlangoni, nikamwambia inua mkono bila kujinyoosha wala kujikunja. Akauinua, huku amefumba macho kama anayeapishwa. Wiliam akapiga alama ya chaki kwenye ncha ya vidole vyake, na hapo ndipo swichi zilipo sasa, sebuleni, jikoni, koridoni na chooni. Waya zote zimefungwa ndani, kavu, na Wiliam amemfundisha kwamba mkono ukiwa na maji haugusi.

Shuka sifui tena. Nikifika jioni, naiona nyumba inawaka tangu kwenye kona ya mashine ya kukoboa. Tatizo ni kwamba hatumiliki tena taa, zinamilikiwa na mtu mmoja. Wiki iliyopita jumuiya ilisali kwetu. Mzee Agapiti alipofika kwenye maombi yake huru, unayajua yalivyo, alipitia wagonjwa, wasafiri, mvua, bei ya mbolea, na alipoanza upya na wagonjwa, taa ikazima. Tukasikia sauti ndogo karibu na mlango inasema, "Amina." Watu wote wakaitikia. Mzee Agapiti hadi leo anadhani umeme ulikatika.

Chumba chako sijakigusa. Swichi yako iko palepale ulipoiweka, juu, usawa wa mkono wako. Mpunga umeshavunwa, na mabua hayaibwi na mtu. Rudi nyumbani.

Mwanao,
Eveline


Shambani, ng'ambo ya Malinyi
6 Julai 2025

Eveline,

Marahaba. Mwandiko huu usiushangae, naandika kwa mkono wa kushoto. Kujifunza jambo jipya uzeeni ni afya.

Magunia kumi na nane ya mpunga aina ya supa yako kwa Masanja, yatakuja na lori. Nyamizi amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Walitaka kumwita Raimundi, nikawaambia wasubiri kwanza waone urefu wake.

Nimesoma barua yako mara moja tu, nikakasirika. Kisha Nyamizi akanisomea mara ya pili, nikakasirika vizuri zaidi. Nyumba niliijenga kwa mikono hii. Nilibeba maji ya tofali kutoka kisima cha misheni kwa baiskeli. Kila alama ya ukuta ule ilipigwa mkono wangu ukiwa juu, mbele ya fundi na mama yako, na mama yako akacheka akasema, "Raimundi, hapo utawasha mwenyewe mpaka kufa." Leo nyumba hiyo imepimwa kwa mkono wa mtu asiyejua saba. Nilitaka kukuandikia maneno mazito. Nilianza, lakini mkono wa kushoto ni wa polepole, na hasira ilipoa kabla sijafika mstari wa pili.

Masanja anasema hakukuambia lolote. Namwamini. Masanja akishika siri, ni kaburi.

Sasa nikuambie nilichofikiri, nikiwa nimekaa hapa chini ya dungu. Nilikuwa natafakari hiyo sala ya Agapiti. Nilikaa na Agapiti jumuiya moja miaka mingi, nikavumilia, na hakuna aliyewahi kunifanyia huruma ile. Nilicheka mpaka nikaumia, mahali fulani. Nikafikiri kwamba mtoto huyu ana akili, na kwamba ameishika nyumba vizuri kuliko nilivyotarajia.

Nikafikiri tena. Vyumba vyote vimeshushwa isipokuwa changu. Watu watasemaje? Watasema mke wa Raimundi ana mamlaka sebuleni, jikoni na chooni, ila chumbani kwa mume wake hana. Hiyo ni fedheha kwa ndoa. Wapogoro hatuishi hivyo. Na siku nikimtuma anitafutie miwani yangu chumbani, ataitafuta gizani? Ataanguka tena?

Kwa hiyo nakupa ruhusa. Mwite Wiliam, ashushe na ya kwangu. Si kwa ajili yangu. Mimi nafika popote. Ni kwa ajili ya mtoto.

Ikishashushwa, niandikie. Mabua yamebaki machache, huenda nikayakabidhi kwa Masanja.

Baba yako,
Raimundi


Viwanja Sitini, Ifakara
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nyamizi mpe hongera, kanga na nguo za mtoto ziko kwenye kifurushi. Shangazi anasema umuulize Masanja kama huko kuna mchumba wa dada yako mwenye miwani.

Nilikudanganya. Swichi ya chumbani kwako ilishashushwa zamani. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Tangu ile barua ya shati nilikuwa nimeshaelewa. Fundi cherehani unaweza kumdanganya kwa mdomo, kwa nguo huwezi. Mtu anayekataa fulana hawezi kuinua mikono. Mtu anayeacha kupanda kichuguu, mguu haumpi. Halafu nikawaza, mkono wa kulia haupandi, na wa kushoto umeshika fimbo, sasa baba akirudi atawashaje taa yake? Kwa mwiko? Nikaelewa kwa nini ulikuwa unalinda mabua.

Nilikasirika sana. Nilikasirika kwamba uliona bora ukae porini na bega bovu, ujichue mwenyewe, kuliko kuja hapa uniombe nikuwashie taa. Mimi mtoto wako. Nilikasirika siku nzima, nikashona suruali ya mtu miguu miwili ya kushoto.

Siku Wiliam alipokuja, kabla hajachimba, nilichukua koti lako la kanisani. Kimo chako nakijua, nimekushonea tangu nikiwa darasa la saba. Nikapiga msumari mlangoni kwako, nikalitundika koti bega lake likae pale linapokaa bega lako, mkono ukaning'inia. Kisha nikamwita Balbina, nikamwambia inua mkono. Ncha ya vidole vyake ikagusa kiwiko cha koti. Hapakuzidi wala kupungua zaidi ya kidole kimoja. Wiliam mwenyewe aliacha patasi akatazama.

Kwa hiyo ukisimama mlangoni, fimbo mkono wa kushoto, wa kulia ukunje kiwiko tu. Vidole vitaikuta swichi. Bega halitajua kama kuna kazi imefanyika. Nyumba bado imepimwa kwa mwenye nyumba, Baba. Ni vile tu wenye nyumba sasa mko wawili.

Hospitali nimeongea na mtu wa mifupa na viungo. Anasema bega la namna hiyo linafanyiwa mazoezi, linarudi, si lote ila kiasi cha kuchonga mwiko. Lakini haliwezi kutibiwa kwa barua. Njoo.

Eveline


Shambani, ng'ambo ya Malinyi
27 Julai 2025

Eveline mwanangu,

Marahaba. Nakuja Ijumaa. Masanja atanisindikiza mpaka kwenye basi, kwa hiyo mawakala wote wa siri tumeshafukuzana kazi.

Nimepata kipande cha mninga, kiko kwenye mzigo. Mwambie shangazi yako miwani aisafishe.

Na mwambie mke wangu kwamba nikifika nitakuwa na maneno mengi ya kusema, mengine marefu. Asinizimie taa mpaka nimalize kula.

Baba